Kwadi ya pili ya shamba: gia za mguu, au nirudi kwenye mkanda?

Fokolifti Mstaafu

Asalaam alaykum, na wengine wote hamjambo.

Nitawachosha kidogo kabla sijafika kwenye swali, mnivumilie, mie mtu mzima na wakati ninao. Nilikuwa dereva wa fokolifti bandarini Kilindini, sasa nimestaafu. Nyumba iko Bombolulu, lakini siku nne kwa wiki nalala Mwakirunge kwenye shamba la marehemu baba: ekari saba, minazi ndiyo mingi, mihogo kidogo, na mikorosho sita mizee inayozaa ikipenda.

Kutoka nyuma ya shamba hadi barabara ya magari ni kama kilomita moja na nusu. Unaanza na mchanga mwekundu unaomeza tairi, katikati kuna kibonde cha udongo mweusi ambacho masika ikiingia hugeuka uji, kisha kilima kifupi cha mawe ya matumbawe. Zamani madafu tulikuwa tukiyatoa kwa mkokoteni na vijana wawili, na wale vijana walikuwa wakiyanywa njiani kama wamelipwa kuyanywa. Ndipo nikanunua kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya mkono wa pili, otomatiki ya mkanda (mkanda wa raba ndio unaopeleka nguvu ya injini magurudumuni), inavuta magurudumu yote manne. Jina la kampuni silitaji, huenda kosa ni langu.

Masika iliyopita ilinikatia mkanda mara mbili. Mara ya kwanza kilimani. Mara ya pili mle mle kibondeni, trela nyuma imejaa, maji yamefika kwenye ubao wa miguu. Nilisikia injini inalia lakini magurudumu yametulia tuli, na harufu ya raba mbichi iliyotiwa jikoni. Kupata mkanda mwingine nilingoja wiki tano. Wiki tano za mkokoteni, na wale vijana wakarudi wananicheka.

Sasa nataka kwadi ya pili, ili moja ikilala nyingine isimame. Hii ya kwanza nitabaki nayo mwenyewe kwa sababu nyonga ya kushoto imechoka na kukanyaga gia siwezi tena. Ya pili ataendesha mpwa wangu, kijana wa boda, miaka minne kwenye Boxer, gia anazijua akiwa usingizini. Kwa hiyo nafikiria ya gia za mguu, isiyo na mkanda kabisa. Nina laki tano na nusu, na nimeona tatu:

Honda Recon 250, ilikuwa ya hoteli, inavuta nyuma tu. Bei yake ya chini kuliko zote.

Honda Rancher 420, inavuta manne, tangazo linasema ni ya gia. Ila kwenye picha naona vitufe viwili vyenye mishale upande wa kushoto wa usukani, sivielewi.

Yamaha Big Bear 400, ya kabureta, iko Kilifi, mwenyewe anasema "haina shida yoyote", maneno ambayo bandarini yalikuwa yakinifanya niinamie tairi kwanza.

Nichukue ipi? Na je, ni kweli kwamba za gia hazisumbui?

Tuktuk wa Tudor

Mzee nunua punda. Punda hana mkanda wala vitufe, na rivasi anayo akikasirika.

Fundi wa Kongowea

Mzee shikamoo. Hizi kwadi nazifungua kila mwezi, nyingi za hoteli za pwani, kwa hiyo ninayokwambia nimeyashika kwa mkono.

Kwanza tofauti yenyewe. Mkanda wa otomatiki unafanya kazi mkavu, ndani ya sanduku lake lenye bomba la kupumulia. Maji yakiingia unateleza, ukiteleza unapata moto, ukipata moto unakufa. Klachi ya Recon, Rancher na Big Bear imelala ndani ya oili ya injini. Vumbi halifiki, maji ya kibondeni hayafiki. Hilo ndilo kubwa na ni kweli.

Lakini usidhani ni gia kama za Boxer. Hizi hazina klachi ya mkono. Ndani mna klachi mbili: moja inajifunga yenyewe injini ikipanda mbio, kama ile ya Honda hamsini za wazee wetu, na ya pili inafunguka unapokanyaga pedali ya gia. Ukiishikilia pedali chini, klachi imeachia. Ukiiondolea mguu, inashika. Sasa hapo ndipo vijana wa boda wanapoziua, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mkono wa kushoto. Kwenye Boxer ile wenzo ya kushoto ni klachi. Kwenye kwadi ni breki ya nyuma. Mpwa wako atabadilisha gia, mkono utaivuta wenyewe kwa mazoea, na kwadi itasimama kama imegonga ukuta. Mwache azunguke uwanjani siku mbili bila mzigo mpaka mkono usahau.

Ya pili ni mguu. Mtu anaegemeza buti juu ya pedali ya gia safari nzima. Haoni ubaya kwa sababu kwadi inakwenda. Kumbe klachi ya pili imeachia nusu na inasagika polepole. Nimefungua injini nikakuta sahani za klachi nyeusi kama makaa, mwenyewe anaapa hakufanya lolote. Hakika hakufanya, mguu ndio ulifanya.

Vile vitufe vya mishale: hiyo Rancher si ya mguu. Gia ni zile zile ndani, lakini anayebadilisha ni mota ndogo ya umeme ukibonyeza. Tazama herufi za mwisho za modeli. FM ni ya mguu, magurudumu manne. TM ni ya mguu, nyuma tu. FE na TE ndizo za vitufe. FA ni otomatiki, nayo haina mkanda, ni hadithi nyingine na pesa nyingine. FE ni nzuri ikiwa mpya, lakini kwa hewa yetu ya chumvi swichi na soketi zake huota kutu ya kijani, gia inakataa kuingia, na skrini inakumulikia vistari badala ya namba. Kule shambani utafanya nini na vistari?

Oili: ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA kwenye kopo. Usimwache mtu akutilie ya gari kwa sababu imebaki. Zile za gari za kupunguza msuguano zinaifanya klachi iteleze, kisha mnasema Honda siku hizi ni mbovu.

Ukienda kutazama, beba spana ya kufungulia oili ya difu ya nyuma, lile sanduku la gia kwenye ekseli. Tone moja tu linatosha. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, rudi nyumbani.

Mama wa Kwadi, Shanzu

Fundi amesema vizuri, lakini mie nitampinga mzee kidogo, naomba radhi.

Nilikuwa na kwadi nne za kukodisha watalii, tatu za mkanda na moja ya gia, na ile ya gia ndiyo iliyonipa kazi. Haikuwa mbovu. Ni kwamba ukiwa na mashine za namna mbili unaweka spea za namna mbili, na fundi anayeijua hii haijui ile. Ukinunua ya pili ya aina ile ile uliyonayo, moja ikifa utaivua viungo kuifufua nyenzake. Hilo nalo lina thamani.

Tena kuna jambo ambalo wapenda gia hawalisemi. Rancher haina gia ya chini ya mzigo, wala Recon, wala Big Bear. Gia ya kwanza ndiyo hiyo hiyo, panda nayo au uiache. Ukitambaa nayo polepole mno na trela nzito kwenye mawe, ile klachi inayojifunga yenyewe inakuwa haijajifunga sawasawa, inateleza. Vijana ndio wabaya zaidi, wanaondokea gia ya tatu kwa uvivu. Kwadi inaondoka, ndiyo, lakini inaondokea mgongo wa klachi.

Sasa swali langu kwako mzee, na usikasirike. Kwadi yako ya mkanda ina H, ya mbio, na L, ya nguvu, kwenye lile fimbo la gia. Siku mkanda ulipokatika, ulikuwa kwenye ipi?

Fokolifti Mstaafu

Lo.

Nilikuwa kwenye H. Nimekuwa kwenye H tangu siku niliyoinunua. Nilidhani L ni ya kuteremkia.

Miaka yangu yote ya fokolifti nilikuwa nikiwafokea vijana wasome kibandiko cha uzito kabla ya kunyanyua kontena, na kwadi yangu mwenyewe ina kibandiko pale karibu na fimbo, kimeandikwa tumia L ukivuta mzigo au ukipanda. Nimetoka kukisoma sasa hivi kwa tochi. Kimekaa pale muda wote.

Basi mama nakushukuru, ingawa umenivua nguo hadharani.

Mama wa Kwadi, Shanzu

Hahaha, pole baba. Si wewe peke yako, wateja wangu wote walikuwa hivyo. Ukiwa H na mzigo, mkanda unateleza kwenye puli badala ya kushika. Maji ya kibondeni yalikumalizia tu. Na chini ya sanduku la mkanda huwa kuna kizibo cha kutolea maji. Ukizama, fungua kizibo, mwaga, weka nyutro, vuta mafuta kidogo kidogo mpaka mkanda ukauke ndipo uendelee. Na hicho kibonde, mbona hukitengenezi? Makumbi unayo bure.

Babu KingQuad

Mnaosema za gia hazina gia ya chini hamjaiona Suzuki yangu. KingQuad 300, mtindo ulioanza 1991. Gia tano za mguu, na pembeni fimbo ya safu tatu: juu, chini, na chini kabisa. Jumla kumi na tano za kwenda mbele. Kwenye ile ya chini kabisa natembea nayo bega kwa bega nikipanda milima ya huku kwetu Matuga, gunia la mahindi mgongoni mwake, mie kwa miguu nimeshika usukani.

Lakini simshauri mtu ainunue leo. Spea natafuta kama anayetafuta jini. Kabureta nimeisafisha mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu. Nimesema tu msiseme hazipo.

Fundi wa Kongowea

Babu heshima yako. Mama naye ana haki, hoja ya L sikuiuliza na ningepaswa kuanza nayo.

Sasa tupige hesabu, mzee. Rancher 420 kwa kitabu chake inavuta trela ya kilo 385, trela na mzigo pamoja. Rafu ya mbele kilo 30, ya nyuma 60. Trela yako ya chuma, kama ni ile ya jua kali ninayoifikiria, ni kilo 80. Zinabaki 300. Dafu moja zuri ni kilo mbili na kitu. Kwa hiyo madafu 130, mia na arobaini ukijikaza, si zaidi. Ulikuwa ukibeba mangapi?

Fokolifti Mstaafu

Mia mbili na ishirini.

Fundi wa Kongowea

Wallahi huo mkanda ulikuwa na subira.

Sikiliza basi. Kazi nzito mpe ile ya mkanda, kwa L, safari mbili badala ya moja. Kwadi ya pili haihitaji kuwa pacha wake, inahitaji kuwa jirani anayekufungulia mlango usiku. Ukipata Rancher ya mguu ya kweli, FM, chukua. Ina radieta, kwa hiyo matope yakikauka kwenye mapezi yake yaoshe kwa maji ya polepole, si mashine ya presha ya kuoshea matatu. Ukiikosa, Recon si mbaya. Ni ya kupozwa na hewa, ina shafti, haina cheni ya kula mchanga, na ni nyepesi, kilo 200 hivi, ikikwama watu wawili wanainyanyua kisigino. Rancher ya magurudumu manne inapita kilo 260, hiyo ikikwama unaiita jamaa yote. Ila Recon kibondeni wakati wa masika haitapita kama kibonde kiko vile ulivyoeleza. Inavuta nyuma tu.

Na mwambie mpwa asibebe abiria. Kwadi hizi ni za mtu mmoja. Yule wa nyuma akikaa nyuma ya ekseli, mbele inanyanyuka kilimani, na kwadi ikikulalia haikuulizi ulikuwa boda miaka mingapi.

Tuktuk wa Tudor

Punda bado yupo, nasema tu.

Fokolifti Mstaafu

Narudi na habari. Zimepita wiki mbili na nusu, kwa wale mliokuwa mkiniuliza kwa ujumbe.

Rancher tulikwenda kuiona. Ilikuwa FE, kama fundi alivyosema. Mwenyewe akaiwasha, akabonyeza mshale wa juu, skrini ikaonyesha vistari. Akazima, akawasha, akapiga ngumi ndogo pembeni ya usukani, gia ikaingia. Ile ngumi ndogo ndiyo iliyonipeleka nyumbani.

Big Bear ya Kilifi: nilibeba spana. Mwenyewe aliponiona nainama nyuma akaanza kunieleza habari za mvua na bei ya mafuta. Tone lilitoka chai ya maziwa, tena yenye tangawizi. Tukaagana vizuri, nikanunua korosho kwa mkewe.

Ile Recon ya hoteli nilimpeleka mpwa wangu aijaribu. Nilimwambia habari za mkono wa kushoto, akasema "Ami, mie nimeendesha miaka minne." Akaondoka, akaweka ya pili, mkono ukavuta. Aliteleza mpaka tumbo likakaa juu ya tangi. Mlinzi wa pale alicheka mpaka akaketi. Baada ya hapo alizunguka dakika arobaini bila kosa, na kila akibadilisha gia namwona anatazama mkono wake wa kushoto kama mtoto asiyemwamini ndugu yake.

Tuliinyanyua nyuma tukatikisa gurudumu. Upande wa kulia ulicheza kidogo, beringi, nikakata bei kwa hiyo beringi na tairi mbili zilizokauka kwa jua. Oili ya nyuma safi. Fremu ina kutu chini ya ubao wa miguu lakini ya juu juu, nimeikwangua na kuipiga rangi. Nimeichukua, na katika ile laki tano na nusu zimebaki za kutosha lori la kifusi cha matumbawe.

Kwa sababu, mama, kibonde nimekitengeneza. Makumbi chini, tabaka mbili, yamelazwa kukingama njia, kisha kifusi juu. Vijana wa mkokoteni ndio waliofanya kazi hiyo, safari hii niliwalipa kwa pesa. Juzi ilinyesha usiku kucha na Recon ilipita ikiwa na magunia mawili ya nazi zilizofuliwa kwenye trela ndogo. Ilipepesuka kidogo, ikapita. Ile ya mkanda ilipita nyuma yake kwa L na madafu 130, nimeyahesabu mwenyewe. Inakwenda polepole hata nazi inayoanguka unaweza kuikwepa. Sijali.

Swali moja limebaki. Rivasi ya Recon haiingii. Mpwa anakanyaga gia chini, inagota kwenye nyutro. Nimefungua mfuko tena bure, au?

Fundi wa Kongowea

Usifungue mfuko. Pale kwenye wenzo ya breki ya kushoto kuna kitufe kidogo. Vuta breki, bonyeza kitufe ukiwa umeishikilia, ndipo akanyage chini kutoka nyutro. Wameiweka hivyo makusudi mtu asiingie rivasi kwa bahati mbaya.

Fokolifti Mstaafu

Imeingia. Mpwa anasema kumbe mkono wa kushoto una kazi.